Kobe Katoa Povu Mbele ya Baba Mkwe

Nasema mwenyewe kabla Mama Ritha wa jikoni hajanisemea: leo nimeaibika. Tena si aibu ya kificho. Nimeaibika saa tano asubuhi, jua linawaka, mbele ya baba mkwe mtarajiwa, nikiwa na kiatu kimoja mguuni. Najua huko mtaani habari imeshatoka na imeshatiwa chumvi. Mimi nawapa isiyo na chumvi. (Sabuni ipo, lakini.)

Kwa wasionijua, mimi ni Elibariki, kijana wa Mwankoko, msimamizi wa bwawa la kuogelea kwenye hoteli moja hapa Utemini. Upepo wetu wa Singida mnaujua. Ukilala na bwawa safi, unaamka limejaa vumbi, majani ya mwarobaini, maganda ya alizeti na ukurasa mzima wa gazeti la jirani. Zamani nilikuwa navuta uchafu huo kwa wavu wa mti mrefu, mgongo unalia. Halafu bosi akanunua roboti. Ana ukubwa wa beseni la kufulia, ana mikanda ya mpira chini kama trekta, ana brashi mbili mbele na nyuma. Anatambaa sakafuni mwa bwawa taratibu, hana haraka na mtu. Tukamwita Kobe.

Nijisifu kidogo hapa, maana mbele sitapata nafasi. Hakuna mtu Singida hii anayemjua Kobe kama mimi. Namfungua, namfunga, najua akikohoa ana nini. Tumboni ana machujio mawili ya wavu mwembamba sana, kila moja kwenye fremu ya plastiki. Hayo ndiyo roho yake. Na hayo ndiyo yameniponza.

Mwezi uliopita Mama Ritha, mpishi wetu, alichukua chujio moja nililokuwa nimelianika, akachekechea unga wa uwele wa uji. Nililikuta jeupe! Nilifoka siku hiyo mpaka wageni wakatoka vyumbani. Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika ukutani pembeni ya bwawa kwa herufi kubwa:

CHUJIO LA KOBE NI LA KOBE TU. MARUFUKU KUCHEKECHEA, KUCHUJIA AU KUANIKIA KITU CHOCHOTE. ASIYEELEWA HILI HANA AKILI. Elibariki, Msimamizi.

Mama Ritha alisoma, akanitazama, akasema, "Sawa baba. Ukuta hauna haraka." Sikumwelewa. Leo nimemwelewa vizuri.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Nampenda Tabitha, binti mshonaji ambaye ana cherehani yake karibu na soko. Ananipenda, namshukuru Mungu. Baba yake ni Mzee Kitundu wa Ulemo, mkulima wa alizeti na mwenye kinu kidogo cha kukamulia. Miezi miwili iliyopita mjomba wangu alipeleka barua ya posa. Barua ikapokelewa. Jibu halikuja. Mjomba aliporudi kuuliza, mzee akamwambia maneno haya haya: "Nimesikia kijana anasafisha maji. Mimi tangu nizaliwe nimeona maji ndiyo yanasafisha vitu. Nitakuja nione mikono yake inafanya nini, ndipo nijibu."

Jana jioni Tabitha akanipigia.

"Eli, Baba anakuja kesho."

"Akaribie tu! Atamwona Kobe."

"Eli, nisikilize. Kuna mtu wa Kiomboi ametuma salamu nyumbani. Ana trekta. Baba akirudi Ulemo kesho bila kujibu barua yako, ujue hajibu tena."

Wengine wangekosa usingizi. Mimi nililala fofofo. Trekta? Trekta linajua kupanda ukuta? Kobe wangu anapanda ukuta wa bwawa na kushuka mwenyewe. Nikajiona nimeshashinda.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nikaamka na wazo. Mama yangu ana msemo wake: mkwe akija kwako haondoki mikono mitupu. Nikawaza, nimpe nini mzee? Kuku? Ulemo kuku wapo wa kutosha. Nikakumbuka Tabitha alisema mwaka huu ndege walimaliza nusu ya shamba la mzee, hata mafuta ya nyumbani wananunua. Basi! Nikapitia kinuni Mwankoko, nikachukua dumu la lita tano la mafuta ya alizeti, ya moto moto, yametoka kukamuliwa. (Ndiyo, nilimnunulia mkulima wa alizeti mafuta ya alizeti. Msinitolee macho, kulikuwa na sababu.)

Nikafika kazini. Nikainua dumu juani. Mafuta yalikuwa yamejaa vumbi la mashudu, yale makapi ya mbegu, mazito kama uji. Kila mtu hapa anajua dawa yake: unayaacha siku tatu nne yatulie, takataka zikae chini. Mimi nilikuwa na saa tatu. Nikajaribu kitambaa, kikachuja tone moja kwa kila sala moja. Nikajaribu chekeche la jikoni, mashudu yakapita yote yakicheka.

Macho yangu yakaenda kwa Kobe.

Nikayatoa machujio. Yalikuwa masafi, niliyaosha jana. Nikayatazama. Nikautazama ukuta. Ukuta ukanitazama. Nikasema moyoni, Elibariki, aliyeandika sheria ndiye anayejua iliandikwa kwa ajili ya nani. Iliandikwa kwa ajili ya Mama Ritha. Wewe ni msimamizi.

Nikachuja.

Jamani! Sijawahi kuona mafuta kama yale. Yalitoka yanang'aa, ya dhahabu, unaona vidole vyako upande wa pili wa dumu. Mashudu yote yakabaki kwenye wavu. Nilijipongeza kwa sauti. Nilisema, "Eli, wewe si mtu wa kawaida." (Hilo limethibitika.)

Sasa ikabaki kuyaosha machujio. Nikayapiga maji ya bomba. Mafuta hayaondoki kwa maji, hata mtoto anajua, kwa hiyo nikaenda na sabuni ya maji ya jikoni, ile ya limau. Nikamwaga. Nikasugua. Bado yakawa yanateleza. Nikamwaga tena. Nikanusa: alizeti. Nikamwaga tena, na nyingine nikaimimina tumboni mwa Kobe kabisa ili anukie vizuri mbele ya mgeni. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kusuuza, simu ikalia.

"Eli, tumeshafika. Tuko getini."

"Getini wapi? Ulisema saa tano!"

"Baba amesema mtu wa kumchunguza hapewi saa."

Nikasuuza mara mbili, haraka haraka. Nikayarudisha machujio tumboni, nikafunga mfuniko, nikajifuta mikono kwenye suruali. Dumu nikalificha jikoni nyuma ya gunia la mkaa. Mama Ritha alikuwa anamenya viazi. Alivuta tu pua mara moja, kama mtu aliyesikia harufu anayoifahamu.

Mzee Kitundu ni mfupi, mkakamavu, hacheki ovyo. Alikuja na koti lake la kijivu la kanisani na kofia ya pama. Mfuko wa koti ulikuwa na bahasha imechungulia. Niliitambua. Barua yangu!

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo kijana?"

"Sijambo baba. Habari za Ulemo?"

"Nzuri. Za upepo tu."

Nikamkaribisha chai, akanywa. Tabitha alikaa pembeni kwa adabu zote, anakunja na kukunjua kitambaa. Mzee akaweka kikombe chini.

"Kijana, kazi yako hapa ni nini hasa?"

"Nasafisha bwawa, baba."

"Na hiyo mashine niliyosikia habari zake?"

"Inasafisha bwawa."

"Na wewe?"

"Naisimamia."

"Kwa hiyo yenyewe inafanya kazi, wewe unaangalia."

"Baba, nikikuonyesha utaelewa." Nikasimama kifua mbele. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na viatu vyangu vya ngozi vyeusi, vile vya harusi za watu. Nikamwongoza bwawani. Bahati ilikuwa upande wangu: upepo wa usiku ulikuwa umefanya kazi yake, chini ya maji kumetanda vumbi jekundu na majani. Mgonjwa yuko kitandani, daktari amefika. Nikamnyanyua Kobe kwa mikono miwili, nikaanza somo.

"Baba, huyu anaitwa Kobe. Hapa chini ana mdomo. Mota iliyo ndani inavuta maji kwa nguvu kupitia mdomo huu, pamoja na uchafu wote ambao brashi zimeukwangua. Maji yanaingia tumboni. Tumboni kuna machujio. Uchafu unabaki ndani, maji masafi yanatokea hapa juu mgongoni. Na yale maji yanayotoka kwa juu ndiyo yanamkandamiza asielee, hata ukutani hadondoki."

Mzee akainama. Akatazama mdomo, akatazama mgongo. Nikaona macho yake yamebadilika. Huyu ni mtu wa kinu, jamani. Mashine anazipenda.

"Kwa hiyo hayabadilishwi maji. Ni yale yale yanapita na kurudi."

"Yale yale baba! Yanapita kwenye chujio na kurudi bwawani, kutwa nzima."

"Kama chujio ni zuri."

"Hili ni zuri kupita kiasi. Linashika majani, mchanga, nywele, panzi. Juzi lilishika hadi chura."

"Chura."

"Chura mzima baba. Alikuwa hai."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeanza kukubali. Tabitha akanikonyeza. Nikamwona yule wa Kiomboi anapakia trekta lake na kuondoka zake.

Nikamshusha Kobe majini. Nikabonyeza swichi.

Dakika tatu za kwanza nilikuwa mfalme. Kobe alishuka, akagusa sakafu, akaanza kutembea, na nyuma yake akaacha njia nyeupe safi katikati ya vumbi. Mzee akasema, "Ahaa." Mnajua thamani ya "ahaa" ya Mzee Kitundu? Tabitha anasema hata alipomaliza shule hakuipata.

Halafu kikaja kiputo.

Kimoja tu, kidogo, kikapasuka. Kikaja kingine. Vikaja kama kumi hivi.

"Hiyo nini?" mzee akauliza.

"Hewa, baba. Anapumua."

Vikaja mia. Havikupasuka tena, vikashikana. Juu ya maji pakatokea kidoa cheupe chenye ukubwa wa sahani.

"Na hiyo?"

"Hiyo ni... uchafu ukitoka ndani kabisa, baba, huwa unakuja hivyo. Ni dalili nzuri."

(Ulimi wangu, kwa nini hukunyamaza?)

Kidoa kikawa beseni. Beseni likawa godoro. Kobe huko chini hana habari, anavuta maji, anayapitisha kwenye sabuni yangu ya limau, anayarusha juu kwa nguvu. Nikumbusheni: maji ni yale yale, yanapita na kurudi. Kila yanaporudi yanaongeza povu. Kufika dakika ya saba nusu ya bwawa ilikuwa nyeupe kama karai la mtu anayefua mablanketi ya bweni zima. Na pale ambapo hapakuwa na povu, maji yalikuwa yanang'aa rangi rangi. Mafuta! Yaliyogoma kutoka bombani yalikuwa yanatoka bwawani.

Kobe akafika ukutani. Nikasema, sasa atanikomboa, mzee akimwona anapanda atasahau mengine.

"Baba, tazama! Anapanda!"

Kobe akapanda. Akafika katikati. Akateleza, akarudi chini. Akajaribu tena. Akapanda, akateleza. Mikanda yake ilikuwa imepakwa alizeti. Mara ya nne mzee akasema kwa upole, "Mwache apumzike. Amechoka."

Basi hapo ndipo upepo wa Singida ukaamka.

Nyie! Ulipiga mara moja tu. Ukanyanyua lile povu, bonge zima, likapaa juu ya bwawa linatetemeka, likatua juu ya Mzee Kitundu. Kofia ya pama ikapotea. Koti la kanisani likapotea. Yakabaki macho mawili. Tabitha alitoa sauti ambayo mpaka sasa sijui ilikuwa kilio au kicheko. (Ameapa ni kilio. Namjua.)

Nikachanganyikiwa. Ungekuwa wewe ungezima swichi. Swichi ilikuwa nyuma yangu, hatua mbili. Mimi nikakimbilia waya nimvute Kobe kwa mkono kama mbuzi. Nikakanyaga povu ukingoni, mguu wa kushoto ukaingia majini hadi pajani, wa kulia ukabaki nje, nikakaa chini kwa kishindo. Nilipouvuta mguu, ulirudi peke yake. Kiatu kilibaki kinaelea kwenye povu, kimetulia kabisa.

Ni Mama Ritha aliyekuja kuzima swichi. Alitembea polepole. Alibonyeza kwa kidole kimoja. Akasimama pale pale ukutani, mikono nyuma, kama anasubiri zamu yake.

Povu linapasuka pi-pi-pi.

Mzee akavua kofia, akaikung'uta. Akachota povu begani kwa kidole, akalinusa.

"Limau," akasema.

"Ndiyo baba. Ni dawa. Dawa ya bwawa."

Akanusa tena. Safari hii alifumba macho.

"Na alizeti."

Jamani, yule mzee amekaa na alizeti maisha yake yote. Ningeweza kumdanganya juu ya jambo lolote duniani, si hilo. Hata hivyo nilijaribu. (Najua. Najua!)

"Huenda ni... upepo, baba. Umeitoa kinuni."

"Itoe mashine tuione ndani."

Nikamtoa Kobe. Anachuruzika. Nikafungua mfuniko, nikatoa chujio, nikampa. Mzee akaliinua juani. Jua halikupita hata kidogo. Lilikuwa limeziba: mafuta, vumbi jekundu la bwawani, na katikati ya vumbi, chembe za mashudu. Akabandua chembe moja kwa ukucha. Akaiangalia. Akaitia mdomoni, akaitafuna. Akatema.

"Hii ya Mwankoko. Hawakaangi mbegu vizuri."

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, ni ngumu sana kiangazi hiki.

Na hapo, ndugu zangu, Mama Ritha akakohoa kidogo.

"Mzee, shikamoo. Samahani kuingilia. Ukimaliza hapo, kuna maandishi huku ukutani. Pengine yatakusaidia."

Mzee Kitundu akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa miwani. Akaifuta povu. Akaivaa. Akasogea ukutani. Na akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama anasoma somo la kwanza kanisani Jumapili:

"Chujio... la Kobe... ni la Kobe tu. Marufuku... kuchekechea... kuchujia..."

Hapo akanigeukia, akanitazama juu ya miwani. Akarudi ukutani.

"...au kuanikia kitu chochote. Asiyeelewa hili... hana akili."

Nikaomba aishie hapo. Kidole chake kikashuka mstari wa chini.

"E-li-ba-ri-ki. Msimamizi."

Mama Ritha akasema, "Amina."

Nimesimama hapo na kiatu kimoja. Soksi ya mguu wa pili inavuja. Uongo wote ulikuwa umeniishia, hata ningetafuta mwingine nisingeupata. Nikasema tu ukweli.

"Baba, nisamehe. Ni mimi. Niliambiwa mkwe haondoki mikono mitupu. Nikanunua mafuta, yakawa na mashudu, na wewe ulikuwa unakuja leo. Nikachuja kwa chujio la Kobe. Nilitaka uyaone masafi."

Mzee akavua miwani.

"Yako wapi?"

Nikaenda jikoni, kiatu kinalia ko, soksi inalia fyo, ko, fyo, mpaka kwenye gunia la mkaa. Nikarudi na dumu. Akalipokea kwa mikono miwili, akaliinua juani, akaligeuza huku na huku. Akalitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama mimi.

"Haya mafuta ni masafi," akasema.

"Asante sana baba."

"Sijakusifu wewe. Nimesifu mafuta." Akafungua kizibo, akachungulia. "Humu hakuna chura?"

"Hakuna baba! Machujio niliyaosha jana!"

"Kama ulivyoyaosha leo?"

Akafunga kizibo. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea kabisa: akavua koti, akampa Tabitha, akakunja mikono ya shati.

"Sabuni haina kosa. Kosa ni haraka. Umeweka sabuni kikombe, umesuuza kijiko. Mama, tuchemshie maji, ya moto ambayo mkono unavumilia. Na wewe kijana, vua hicho kiatu kilichobaki, unanichekesha. Leta magunia matupu."

Tukaanza kazi. Sikilizeni, hakuna kazi niliyowahi kuifanya kama ile. Mzee alinionyesha: unalaza gunia juu ya maji, mmoja huku, mwingine kule, mnalivuta taratibu toka ncha hadi ncha, linakunywa mafuta. Mnakamua kwenye ndoo. Mnarudia. Povu tukalichota kwa makarai. Niliingia majini na suruali yangu ya kushonesha, nikavuta magunia mpaka mabega yakawaka moto. Machujio nikayasuuza kwa maji ya moto mara kumi na moja. Mara ya tano nilisema yametakata. Mzee akayamwagia maji, akanionyesha mng'aro mdogo uliopita juu yake. "Bado." Mara ya nane, "Bado." Mara ya kumi na moja akainua moja juani, jua likapita lote, akanyamaza. Kwa yule mzee kunyamaza ni sifa.

Saa nane tukamrudisha Kobe majini. Nilibonyeza swichi nimefumba jicho moja. Akashuka. Akatembea. Kikaja kiputo kimoja, kikapasuka. Hakikuja kingine. Akafika ukutani, akapanda, akafika juu kabisa kwenye ukingo, akakaa pale dakika nzima anasugua. Nilipiga kelele kama nimefunga bao.

Mzee akavuta kiti karibu nami, akakaa, akanishika mikono. Akaigeuza viganja juu. Vilikuwa vimekunjamana kwa maji, vyekundu, gunia limevichubua mahali pawili.

"Nilisema nakuja kuona mikono yako inafanya nini," akasema. "Ile mashine ingefanya kazi vizuri asubuhi, ningerudi Ulemo sijaona kitu."

Akamwomba Tabitha koti. Akatoa bahasha. Ilikuwa imelowa chapachapa. Akaifungua, karatasi ikachanikia mkononi. Wino wote ulikuwa umetoka, umebaki mawingu ya buluu na harufu ya limau. Barua niliyoinakili mara nne kwa mwandiko wa adabu!

"Barua yako siwezi kuijibu," mzee akasema. "Haisomeki."

Tabitha akaacha kukunja kitambaa.

"Andika nyingine. Kwa herufi kubwa, zinazosomeka vizuri, kama zile za ukutani." Akavaa kofia yake, akaiweka sawa. "Uilete mwenyewe Ulemo wiki ijayo, na siku hiyo hiyo utachukua jibu, mkwe."

Mkwe! Mmesikia? Asubuhi nzima nilikuwa "kijana". Yule wa Kiomboi na aendelee kulima, namtakia mvua njema.

Hivi nawaandikia nimekaa ukingoni mwa bwawa, viatu vyote viwili vinakauka juani. Mama Ritha ameshapita na kipande cha mkaa, chini ya maandishi yangu ameongeza: HATA MSIMAMIZI. Nimeyaacha. Nimelala njaa siku nyingi zamani, sitaki kugombana na jikoni.

Na nyie mnaocheka, chekeni vizuri. Mzee kaondoka na dumu lake, kasema halifunguliwi mpaka siku ya harusi, na pilau lote litakaangwa kwa mafuta hayo hayo. Nitapita meza hadi meza, nihakikishe kila aliyecheka amemaliza sahani.